Mkono Chini ya Mkono

Kwa kulitazama tu, faili la mwombaji wa ualimu wa elimu maalumu halina tofauti na la mwalimu mwingine yeyote. Barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti zenye muhuri wa wakili, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo ya pasipoti iliyobanwa kwa pini. Afisa utumishi ninayetaka kusimulia habari zake hapa, mama wa makamo anayetafuta wafanyakazi kwa ajili ya madarasa na mabweni ya taasisi moja ya dini mkoani Dodoma, hulifungua kuanzia nyuma. Barua hana haraka nayo. Kwa maoni yake barua zote siku hizi zimeandikwa na mtu mmoja, yule kijana wa stesheneri. Anakwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya matokeo ya chuo, anashusha kidole mpaka kwenye masomo ya mwaka wa mwisho na kutafuta jambo moja tu: huyu alibobea wapi? Kutoona, uziwi, au ulemavu wa akili?

Anayemtazama kwa mara ya kwanza atadhani huo ni ukarani. Kumbe hapo ndipo watu wengi wa kazi hii hupita bila kusimama. Katika jedwali la ikama, mwalimu wa elimu maalumu ni mstari mmoja: wanahitajika wawili, yupo mmoja, upungufu mmoja. Jedwali haliulizi upungufu huo ni wa nini. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mwalimu aliyesomea uziwi amepangiwa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kitengo kisicho na kiziwi hata mmoja, huku kata ya pili yake darasa la viziwi likifundishwa na mwalimu ambaye alama zote za mikono alizonazo amefundishwa na wanafunzi wake. Kwenye karatasi hesabu imetimia. Darasani hakuna kilichotimia.

Kazi hii Dodoma haikuanza jana. Buigiri, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, wilayani Chamwino, ndiko Kanisa la Anglikana lilikofungua mwaka 1950 shule ya kwanza ya wasioona katika nchi hii, wakati ule Tanganyika. Shule ya Furaha ya Tabora ilifuata mwaka 1962, na ya viziwi, Tabora hukohuko, mwaka 1963. Hebu fikiria tatizo la mtu aliyetakiwa kutafuta walimu wa Buigiri mwaka ule wa kwanza. Hakuna chuo cha kupigia simu, hakuna cheti cha kukagua. Alibaki na njia moja, kumtazama mtu na kukisia. Leo vyeti vipo tele: Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimejengeka juu ya fani hii, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa shahada yake. Hata hivyo nikimwona mama huyu kazini naamini kwamba kile kipaji cha kumtazama mtu hakijapata mbadala. Kimepungukiwa tu na watu wa kukitumia.

Tena yuko katika mji ambao kwa sasa ndio jikoni kwa ajira zote za nchi. TAMISEMI iko hapa, Tume ya Utumishi wa Walimu iko hapa, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ina ofisi zake kwenye jengo la Asha-Rose Migiro, palepale Chuo Kikuu cha Dodoma. Kukiwa na usaili, daladala za kupanda UDOM hujaa vijana wenye bahasha za kaki na viatu vilivyopigwa rangi usiku, vikisubiri kuharibiwa na vumbi kabla ya saa mbili. Kwa miaka mingi walimu walikuwa wakipangwa kwa vyeti na mwaka wa kuhitimu, majina yanatoka, mkeka unasomwa. Mwanzoni mwa 2025 nao wakaingizwa kwenye usaili kama kada nyingine. Mimi naona ni hatua njema, kwa sababu imepunguza nguvu ya kujuana. Ila mtihani wa kuandika, hata ukiwa wa haki namna gani, haukuonyeshi mkono wa mtu. Na kwa mama huyu mkono ndio wa kutazamwa.

Kwake usaili wa mwalimu wa wasioona hufanyika kwenye meza ya kawaida. Upande mmoja mwombaji, upande wa pili mjumbe wa jopo ambaye mwenyewe haoni, mtu mzima, mwalimu wa miaka mingi, siku hiyo akiigiza mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kwanza mama humpa mwombaji karatasi ya nukta nundu bila kumwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Aliyezoea ataigeuza kabla hajaombwa. Halafu mama hutazama kama anasoma kwa vidole au kwa macho. Walimu wengi wanaoona husoma nukta nundu kwa macho, wakifuata vivuli vya vile vinundu, na yeye hahesabu hilo kuwa kosa. Anachotaka kujua ni kama mwombaji anatambua kwamba mtoto wake hatakuwa na vivuli.

Kisha huletwa kibao na kalamu yake ya msumari. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu ni nzuri lakini ni ghali na huharibika, kwa hiyo anayejua mashine tu hajamaliza. Kwenye kibao unatoboa kwa nyuma ya karatasi, hivyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Hapo yule “mwanafunzi” anaandika neno na kukosea kwa makusudi: anaweka i mahali pa e. Herufi hizo mbili ni nukta mbilimbili zilizoegemea pande tofauti, na anayejifunza huzichanganya sana. Mwombaji anatakiwa amsahihishe.

Sasa tazama mikono. Wengi humshika mwanafunzi kiganja kwa juu, wakambeba kidole na kukibandika kwenye kosa. Kwa nia njema kabisa. Mtu asiyeona akishikwa hivyo mkono hukakamaa, kwa kuwa kidole chake ndicho jicho lake, na nani anapenda kushikwa jicho? Wachache huweka mkono wao mezani karibu na kosa, wakagusisha kidogo ubavu wa kiganja cha mtoto, na kumwacha auweke wake juu. Mkono wa mwalimu chini, wa mtoto juu. Mtoto anafuata akitaka, anaondoka akitaka. Mama akiona hivyo huwa haandiki kitu. Hugeuka kumtazama mwenzake wa jopo, na yule mzee asiyeona, ambaye amekwisha kujua kabla ya wote, huwa anatabasamu ama hatabasamu.

Kwa walimu wa viziwi ujanja wake ni dirisha. Chumba cha usaili kina dirisha moja kubwa upande wa mashariki, na kiti cha mwombaji kimewekwa makusudi kuliziba, jua la asubuhi la Dodoma likimpiga mgongoni. Anayeketi hapo uso wake unakuwa kivuli kitupu. Kiziwi aliye mbele yake haoni midomo, haoni nyusi, na katika lugha ya alama nyusi ni sarufi: bila hizo swali halitofautiki na maelezo. Mwombaji mzuri hupiga alama moja, mbili, anaona mwenzake amekunja macho, anainuka na kuhamisha kiti. Hakuna aliyemwambia. Yuko aliyewahi kuhama na kiti chake mpaka pembeni kabisa ya chumba, akaligeuzia jopo zima mgongo ili amwone vizuri yule kiziwi. Msaili mwingine angesema hana adabu. Huyu alipewa kazi.

Kuna jambo jingine analolichimba hapo. Shule zetu za viziwi zilikua mbalimbali, Tabora tangu 1963, Buguruni ya Dar es Salaam tangu 1974, nyingine baadaye, na kila moja ikaotesha alama zake. Lugha ya Alama ya Tanzania imezileta pamoja, lakini si kwa kila neno. Juu ya hapo, mtoto wa kijijini Bahi au Chamwino anayefika shuleni kwa mara ya kwanza anakuja na alama za nyumbani, alizozibuni na mama yake: ya maji, ya mbuzi, ya bibi. Mama humwuliza mwombaji atafanya nini na hizo. Akijibu kwamba atazisahihisha, mama hushukuru na kumwita mwingine. Anamtaka yule atakayezijifunza kwanza.

Kwa upande wa usonji na ulemavu wa akili hutoa shati. Shati la shule la kawaida, jeupe, lenye vifungo. Mwombaji anaambiwa: “Mwalimu, nifundishe kufunga kifungo.” Anamwita mwalimu hata kabla hajamwajiri; vijana wamemwamkia shikamoo, naye ameitika marahaba na kuwapa cheo chao. Wengi huanza kuhutubia: shika hapa, pitisha hapa, vuta. Aliyefundishwa akaelewa huanza mwishoni. Anafanya hatua zote mwenyewe, kifungo kikiwa kimebakiza kuvutwa tu, na ule mvuto wa mwisho anamwachia mwanafunzi. Kesho atamwachia hatua mbili. Kila siku mtoto anamaliza kazi na kuonja kwamba amefunga shati, badala ya kila siku kuanza na kushindwa njiani.

Na baada ya swali, mama hunyamaza. Ukimya wake ni mrefu kuliko ulivyozoeleka ofisini, na wengi hauwakai: wanajikohoza, wanajijibu, wanauliza kama wamekosea. Katika darasa la kitengo mwalimu huuliza jambo na jibu huchukua muda kufika. Asiyeweza kumsubiri mtu mzima aliyenyamaza kwa makusudi atamsubirije mtoto anayetafuta neno?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Wako waajiri wanaoichukulia sheria hii kama kodi. Yeye huajiri walimu wasioona kwa sababu ya ubora wao wa kusoma kwa vidole, na kwa jaribio la kuandika huwapa muda wa ziada kwa kanuni ya Baraza la Mitihani, dakika kumi kwa kila saa, ishirini kukiwa na Hisabati. Hapendi kuona mtu asiyeona akihesabiwa kuwa mzito ilhali aliyemchelewesha ni karatasi.

Kuhusu mahali pa kazi hasemi uongo. Anamweleza mwombaji kwamba mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi kirefu, kwamba maji ya kisima yana chumvi na hayatoi povu la sabuni, kwamba watoto wadogo watamwamkia kwa Kigogo kabla ya Kiswahili. Anamwuliza mwenza wake anafanya kazi mkoa gani. Swali hilo huwaudhi baadhi ya watu, na ninawaelewa, lakini ameona vitengo vikifungwa kwa barua moja ya uhamisho wa kumfuata mwenza, na watoto wenye usonji wakipoteza katikati ya muhula mtu pekee waliyemzoea.

Sehemu ya kazi yake isiyosifiwa kabisa ni mabweni. Matroni hana chuo cha Patandi cha kumtoa. Yeye ndiye atakayehakikisha mtoto mwenye ualbino amevaa kofia na mikono mirefu kabla ya kwenda bombani saa sita mchana, na ndiye atakayekuwa peke yake saa nane usiku mtoto akianguka kifafa. Mama huwauliza hilo la kifafa wote. Karibu kila mmoja hujibu kwamba ataingiza kijiko kati ya meno. Hilo ni hatari: linavunja meno na linaweza kumkaba mtoto. Inatakiwa umlaze kiubavu, uondoe vitu vya kumuumiza, uweke kitu laini chini ya kichwa, utazame saa, na degedege likipita dakika tano umkimbize hospitali. Huwaeleza pale pale, bila ukali, na kuendelea na maswali mengine. Mwishoni kabisa hurudia swali la kijiko. Asiyejua mwanzoni hana lawama. Anayerudia kijiko baada ya kuelezwa ndiye hapati.

Mara ya mwisho alipotangaza nafasi ya matroni aliandika tangazo kwa mkono wake: mwombaji ajue kusoma na kuandika, awe na usingizi mwepesi, asiwe na kinyaa, na asiwe mtu wa huruma ya kuwafulia watoto nguo ambazo wanaweza kufua wenyewe. Mkubwa wake alitaka masharti matatu ya mwisho yaondolewe kwa kuwa si lugha ya ofisi. Walibishana hadi chai ikapoa. Tangazo likabandikwa kama lilivyo, kanisani, ofisi ya kata na kwenye nguzo ya mnadani. Safari hiyo maombi yalikuja machache kuliko kawaida, na mama akafurahi.