Nyimbo za Jana katika Albamu ya Leo

Kosa la albamu ya A Boy from Tandale, aliyoizindua Diamond Platnumz jijini Nairobi mwezi wa Machi 2018, halimo katika sauti wala katika biti, na wala halimo katika wingi wa wageni aliowaalika kutoka Nigeria na Marekani, ijapokuwa juu ya hao nina la kusema; limo katika ile azma ya kuziingiza Number One, Nana na Kidogo katika orodha ya nyimbo zipatazo 20, kana kwamba sisi wasikilizaji tulikuwa hatuna redio miaka yote hiyo.

Na tuitazame azma hiyo kwa utulivu. Number One, kazi ya mikono ya Sheddy Clever, ilianza kuvuma mwaka 2013, kisha ikarudiwa pamoja na Davido. Nana, aliyoimba na Flavour, ni ya 2015. Kidogo, aliyoimba na P-Square, ni ya 2016, na ilipowadia siku ya uzinduzi wale ndugu pacha walikuwa wamekwisha kutengana tangu mwaka uliotangulia, hata tukauziwa kwa jina la upya sauti za kundi ambalo kwa wakati ule halikuwapo. Huku kwetu Igamba, wilayani Mbozi, nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kupigwa katika arusi na minadani na katika magari yaendayo Mlowo, zikapigwa tena hadi watoto wakazichoka. Na kinachonikera zaidi ya uzee wake ni jinsi zinavyoiharibu sanaa ya zile mpya zilizowekwa jirani nazo. Diamond wa 2013 huimba kwa kubembeleza, akiipandisha sauti na kuivuta mwisho wa mstari, ilhali Diamond wa 2018 hukata maneno mafupi mafupi akiufuata mdundo wa Lagos, na besi yake imetengenezwa kwa spika za aina nyingine kabisa. Ukiwapanga wawili hao bega kwa bega, sikio halipati mahali pa kutulia, na kila wimbo unapokwisha ni kama umebadilisha stesheni. Mkulima wa Mbozi akichanganya katika gunia moja buni ya msimu wa juzi na ya msimu huu, muonjaji hatamsifu kwa uzito wa gunia.

Wako watakaomtetea kwa hoja ya hesabu, kwamba katika majukwaa ya kusikilizia muziki wimbo uliokwisha kupendwa huja na wasikilizaji wake, na albamu ikapata jina kubwa tangu siku ya kwanza. Hoja hiyo naifahamu, nami naikataa, kwa sababu ni hoja ya karani wala si ya fundi. Zama za kanda, dakika 60 zilikuwa dakika 60: upande wa kwanza na upande wa pili, na msanii alilazimika kujiuliza ni wimbo gani ufungue na upi ufunge, na upi, hata akiupenda namna gani, ubaki studio. Profesa Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, mkono wa mtayarishaji wake, P-Funk Majani, ulisikika ndani yake kama mkono wa mwandishi mmoja katika barua moja. Nikiwataja Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe nitaambiwa nimerudia yale yale, na kweli narudia, maana waliosimama na bendi nzima mbele ya vinasa sauti vya Radio Tanzania hawakuwa na nafasi ya kujaza pengo kwa kazi ya mwaka mwingine. Hata Diamond mwenyewe, katika albamu ya Kamwambie ya 2010, alikuwa na pumzi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu wageni, ubeti wa Rick Ross katika Waka waweza kuondolewa na wimbo usipungukiwe na kitu, na haya nimekuwa nikiyasema juu ya kolabo za namna hiyo tangu zilipoanza kuitwa mafanikio. Iyena, aliyoimba na Rayvanny, kijana wa Mbeya na kwa hiyo wa kwetu sote tuliokuwa mkoa huo hadi 2016, haina dosari; na fidla ya Miri Ben-Ari katika Baila imekaa mahali pake.

Lau ningekabidhiwa orodha ile, ningeanza na Iyena, nikafuatisha Baila, kisha Pamela aliyoimba na Young Killer, na African Beauty pamoja na Omarion, nikaongeza zile zilizotoka katika mwaka mmoja wa mwisho kabla ya uzinduzi, nikafunga hesabu kwenye nyimbo 10 au 11. Zile tatu kongwe ningezitolea mkusanyo wake peke yake, wenye jina lake na miaka yake imeandikwa kwenye jalada, apate kuununua kwa hiari yake yule ambaye bado hajashiba.