Herufi Nzito na Herufi za Mlazo

Waliobuni mfumo endeshi wa Unix walizipa huduma zake majina ya vitenzi vya Kiingereza vya kila siku: open, read, write, wait, kill. Majina mafupi, yanaandikika haraka, na ni mtego kwa anayeandika maelezo yake. Sentensi ya Kiingereza ikitaja read, msomaji atajuaje kama ni kusoma kwa jumla au ni ule wito wenye jina hilo unaopelekwa kwenye kiini cha mfumo? Kurasa za mwongozo wa Unix zinamjibu bila kuongeza neno hata moja. Jina la wito limeandikwa kwa herufi nzito, kisha namba ya sehemu ya mwongozo inafuata ndani ya mabano ya herufi za kawaida: read(2). Sehemu ya 1 ni ya amri, ya 2 ni ya wito wa mfumo, ya 3 ni ya maktaba.

Fungua ukurasa wa kill(2) kwenye Linux. Katika muhtasari wake kuna mstari huu:

int kill(pid_t pid, int sig);

Mstari wote ni mzito isipokuwa maneno mawili, pid na sig, ambayo yamelazwa. Kilicho kizito kiandike kilivyo. Kilicholazwa weka chako. Ukishuka kwenye maelezo utayakuta maneno hayo mawili yamelazwa kila yanapotajwa. Pid ikiwa kubwa kuliko sifuri, ishara inakwenda kwa mchakato wenye namba hiyo. Ikiwa sifuri, inakwenda kwa kila mchakato wa kundi la aliyeita. Majina ya ishara zenyewe, kama SIGKILL, ni mazito, maana hayo huyabadilishi. Ni kama upatanisho wa ngeli katika Kiswahili: ukidaka “vimevunjika” tu, unajua vilivyovunjika ni viti au vikombe, meza hazimo. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayesoma Kiingereza kwa kujikongoja anaweza kupitwa na nusu ya sentensi, lakini akiwa amejifunza kusoma uzito wa herufi hapotei.

Ustadi huu ni wa tangu mwanzo. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, la Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, lina tarehe ya 3 Novemba 1971, na utangulizi wake ulikwisha kuweka masharti: neno lililopigiwa mstari liandikwe kama lilivyo, kilicho ndani ya mabano ya mraba ni cha hiari, na nukta tatu maana yake kilichotangulia kinaweza kurudiwa. Kufikia toleo la 7, mwaka 1979, kazi ya ule mstari ilikuwa imechukuliwa na herufi nzito. Cha kuchekesha ni kwamba leo, kwenye skrini zisizoonyesha herufi za mlazo, neno la kubadilishwa ndilo linalopigiwa mstari. Alama ile ile, maana kinyume kabisa! Mwongozo haukuharibika kwa hilo, kwa sababu mstari haukuzaliwa na maana yoyote. Unaipata kwa kutobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa, na ukurasa mmoja ukienda kombo, msomaji anaanza kuzitilia shaka hata zile zilizonyooka.

Na uzito wa herufi zamani ulikuwa wa kushikika. Mashine ya kupiga chapa haikuwa na seti ya pili ya herufi, hivyo neno zito lilipatikana kwa kupiga herufi, kurudi nyuma nafasi moja, na kuipiga tena juu ya ile ya kwanza ili wino ukolee. Programu ya less, inayotumiwa kusomea kurasa hizi, inaielewa mbinu hiyo mpaka leo: ikikutana na herufi, kurudi nyuma, na herufi ile ile, inakuonyesha neno zito.

Mwandishi wa kurasa hizi hafanyi kazi kwa kubofya kitufe cha kukoleza. Anaandika alama ndani ya matini: .BR maana yake zito na kawaida kwa kupokezana, .BI ni zito na mlazo. Akichanganya hizo mbili, mabano ya kill(2) yanainama pamoja na namba yake. Mimi navutiwa zaidi na njia ya mdoc, aliyoibuni Cynthia Livingston kwa ajili ya BSD, tawi mojawapo la Unix. Humo mwandishi hataji sura ya herufi. Anasema hili ni jina la kazi, hiki ni kigezo, hii ni njia ya faili, halafu programu ndiyo inayoamua kipi kilazwe na kipi kikolezwe. Inachosha mwanzoni, nakubali. Lakini aliyelazimika kuamua kila neno ni nini hawezi kuandika ukurasa asiouelewa, na huo ni uhariri tosha. (Miongozo ya siku hizi inayovika amri, faili na kigezo fonti moja ya msimbo na rangi moja ya kijivu imeukwepa uamuzi huo, hata ikipendeza namna gani.)

Kero kubwa ya fundi wa kurasa hizi ni kistari. Kwa mpanga chapa, kistari cha kuunganisha maneno na kistari cha kutangulia chaguo, kama katika ls -l, ni vitu viwili. Anayeandika ukurasa kwa ajili ya groff, programu inayozipanga kurasa hizi, hutakiwa kukitanguliza hicho cha pili na mkwaju unaoegemea nyuma: \-. Akisahau, kwenye baadhi ya mifumo ukurasa utatoka na kistari kingine kinachofanana nacho sana machoni. Msomaji atainakili amri, ataibandika, na mashine itaikataa. Ataikagua herufi kwa herufi na kuona hakuna kosa. Kisha ataiandika upya kwa mkono, ile ile, nayo itakubali.