Divai ya Dakta Lecter

Wenzangu wa kalamu, wengi tulimjua Dakta Hannibal Lecter kwa filamu ya The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, ile aliyocheza Anthony Hopkins. Anamsimulia Clarice Starling, mwanafunzi wa upelelezi, jinsi alivyomla karani wa sensa: maini kwa maharage, na Chianti ya kuteremshia. Lakini hebu fungua riwaya yenyewe ya Thomas Harris, iliyotoka mwaka 1988. Maini yapo, maharage yapo, ila divai siyo hiyo. Ni Amarone.

Eti kuna tofauti gani, si zote ni divai nyekundu za Italia? Hapo ndipo ninapotaka tubishane.

Chianti hutoka kwenye vilima vya Toscana, na zabibu yake kuu ni Sangiovese. Ina uchachu unaokata mafuta mdomoni, ndiyo maana inapatana na mchuzi wa nyanya na nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Watoscana hupaka maini ya kuku kwenye mkate wa kubanika, na kwa kupenda maharage hutaniwa na Waitalia wenzao. Kwa hiyo ukihukumu kwa sahani tu, filamu imeshinda.

Amarone ni kitu kingine kabisa. Hutengenezwa Valpolicella, karibu na Verona. Zabibu, hasa za aina ya Corvina, zikishachumwa hazikamuliwi papo hapo. Hutandazwa ghalani penye hewa kwa miezi mitatu minne, zinyauke mpaka zipoteze theluthi ya uzito au zaidi. Utamu hujikusanya, kisha katika kuchachuka karibu wote hugeuka kileo, kisichopungua asilimia 14. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiitalia lenye maana ya uchungu. Ulimini huingia laini, kwa ladha ya matunda makavu, halafu uchungu unakuja nyuma. Wenyeji huinywa kwa nyama iliyopikwa polepole, nyama ya porini au jibini iliyokomaa. Hata wali huupika nayo. Maharage mbele yake yatamezwa tu.

Sasa mtazame mhusika. Huyu ni bwana ambaye, siku ya kwanza tu, anamsoma Clarice kwa mkoba na viatu vyake. Mtu wa namna hiyo haokoti chupa ovyo. Miaka amekaa kizuizini, mpole wa maneno, adabu tele, anasubiri. Ni zabibu ya ghalani: kadiri inavyonyauka ndivyo inavyopata nguvu. Wala hatafuti divai ya kupatana na chakula; anataka ya kukitawala. Kwa neno moja Harris amemsawiri mtu mzima. Filamu ikaweka jina linalojulikana na wengi, ikapata kicheko, ikapoteza tabia.

Mtetezi atasema filamu haina ukurasa wa kurudia. Neno likikupita limekupita. Sawa, nakubali. Lakini sisi tunaoandika ukurasa tunao, na tunaufanyia nini? Tajiri wa hadithi zetu kila mara yuko hotelini na kuku wake, anakunywa "divai nyekundu ya bei mbaya". Divai gani, jamani? Mzee wa Moshi mwenye kata yake ya mbege, ya ndizi na ulezi, tunamjua alikotoka na wanaokaa naye. Tajiri hatumjui, ni suti inayotembea.

Walimu walitufundisha kutenga fani na maudhui kwenye mitihani. Amarone ya Harris haitengeki: ni kinywaji mezani, na ni mtu anayekinywa. Kulijua hilo hakukulazimishi kunywa, mwenye dini yake abaki nayo. Uliza, soma, chungulia jikoni kwa watu. Ila usimpe mhusika wako chupa ambayo wewe mwenyewe hujui kwa nini ameichagua.