Mafuta ya Taa, Mawingu na Kipupwe: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja wa Mitambo

Ulitufikia mwongozo wa utunzaji wa mitambo mizito, yaani matingatinga, magreda na mitambo ya kuchimba, uliofasiriwa kwa ajili ya madereva na mafundi wasomao Kiswahili huko Minnesota, Marekani. Sura tuliyoisoma kwa makini zaidi ni ile ihusuyo dizeli wakati wa baridi kali, maana katika jimbo hilo baridi ya Januari yaweza kufika nyuzi 30 za Sentigredi chini ya sifuri, na mtambo uliolala nje huenda usiwake asubuhi. Kiswahili chake kwa jumla ni fasaha. Taabu imo katika istilahi.

Yafaa ikumbukwe kuwa dizeli ina nta ndani yake. Katika joto la kawaida nta hiyo huwa imeyeyuka, haionekani. Baridi ikizidi, hujitenga ikawa chembe, na chembe hizo huziba chujio hata injini ikakosa mafuta. Wanakemia huiita nta hiyo parafini. Mfasiri, akifuata mazoea ya Waingereza ambao kwao parafini ni yale mafuta tuyatiayo katika kandili, ameandika kuwa “mafuta ya taa yaliyomo katika dizeli huganda na kuziba chujio.” Msomaji atafahamu kuwa mafuta ya taa ndiyo adui. Kumbe ni kinyume: mafuta ya taa hustahimili baridi kuliko dizeli ya kawaida, na ile dizeli nyepesi iitwayo namba 1 huko Marekani ni jamaa yake wa karibu. Wenye mitambo huichanganya na namba 2, kwa kadiri mtengenezaji wa injini aruhusuvyo, ili nta ichelewe kujitenga. Hivyo neno moja limeigeuza dawa kuwa ugonjwa. Neno nta tunalo, na warina asali wanalijua. Sioni sababu ya kulikwepa.

Kosa lililo baya zaidi li katika ukurasa unaofuata. Kiwango cha baridi ambapo chembe za kwanza za nta huonekana na mafuta yakaacha kung’aa kina jina la Kiingereza litokanalo na wingu. Basi mwongozo unaagiza: “Tia dawa ya kuzuia mgando kabla ya mawingu.” Dereva atatazama mbinguni! Akiona anga safi lenye nyota, dawa ataiacha katika kopo, ilhali usiku usio na mawingu ndio aghalabu wenye baridi kali zaidi, kwa kuwa hakuna kinachozuia joto la ardhi lisipotee. Na dawa hiyo ikichelewa haifai kitu: kazi yake ni kuzuia chembe zisikue na kushikamana, wala haiyeyushi nta iliyokwisha kujitenga. Napendekeza “kiwango cha ukungu”, na kwa kile ambacho mafuta hayapiti tena katika chujio, “kiwango cha kuziba chujio”. Najua wapo wenzangu watakaosema kuwa ukungu ni pia kuvu juu ya mkate. Ni kweli, lakini hakuna dereva atakayeutafuta ukungu huo katika tanki.

Kitenzi kuganda nacho kimebebeshwa mizigo miwili. Mafuta ya nazi huganda, maji huganda, na katika mazungumzo hilo halina ubaya. Hapa lakini tiba ni mbalimbali: maji hutolewa chini ya tanki na katika kitenga-maji kabla hayajawa barafu, nta hushughulikiwa kama nilivyoeleza. Afadhali kuandika “maji kuwa barafu” na “nta kujitenga”, ingawa ni marefu.

Kuhusu kipupwe sina maneno mengi. Kwetu ni Juni hadi Agosti, na Minnesota wakati huo ni kiangazi chao cha jua kali. “Majira ya baridi” yangetosha.

Haki itendeke pia. Pale mwongozo unapoagiza tanki lijazwe jioni, mfasiri ameeleza kuwa tanki lililo nusu tupu “hutoka jasho kwa ndani”, na jasho hilo ndilo maji yaletayo barafu. Kamati ingekaa siku mbili ikatoa neno zito lisiloeleweka na fundi yeyote. Jasho libaki, hayo mengine yarekebishwe kabla mwongozo haujachapwa tena.