Wimbo Usio na Maneno: Uhakiki wa "Body and Soul" na Marudio Yake

Uhakiki wa nyimbo katika Kiswahili umezoea kuanzia kwenye maneno. Mtafiti hunukuu mashairi, huyachambua kwa kuzingatia fani na maudhui, kisha huhitimisha. Ala hutajwa katika aya moja, pengine zisitajwe kabisa. Sehemu hii inayahoji mazoea hayo kupitia wimbo mmoja wa mapenzi wa Marekani, "Body and Soul", ambao historia yake inamlazimisha mhakiki kujibu swali gumu: je, toleo lisilo na neno hata moja linaweza kuwa fasiri ya matini ya maneno?

Wimbo huo ulitungwa mwaka 1930. Muziki ni wa Johnny Green. Maneno ni ya Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton. Ulitungwa kwa ajili ya mwigizaji Mwingereza, Gertrude Lawrence, ukasikika Uingereza kabla ya Libby Holman kuuimba New York katika onyesho la "Three's a Crowd" mwaka huohuo. Nafsineni ni mpenzi anayejitoa mzimamzima kwa mtu asiyemjali. Kimaudhui hapana jipya hapo. Malalamiko ya aina hii yalijaa katika tungo za wakati ule, na msamiati wake, kwa maoni yangu, ni wa kawaida mno. (Hata jina lenyewe likifasiriwa "Mwili na Roho" hupoteza nguvu, kwa kuwa roho kwetu hubeba pia uhai na tabia, ilhali mpenzi wa Kiswahili hulalamikia moyo.)

Uzito wa utungo uko kwenye muziki. Wimbo una vipimo 32 vilivyogawanywa katika vipande vinne. Cha kwanza, cha pili na cha mwisho vina lahani moja. Kipande cha tatu ndicho chenye mshangao: hupanda nusu toni na kuingia ufunguo mwingine, baadaye hushuka hadi ufunguo ulio chini ya ule wa mwanzo, ndipo wimbo urejee ulikoanzia. Nafsineni anadai kwamba ameshaamua, lakini ardhi inahama chini ya miguu yake. Maneno hayasemi hivyo. Muziki ndio unaosema.

Louis Armstrong aliurekodi mwaka 1930, na mwaka 1935 Benny Goodman, Teddy Wilson na Gene Krupa waliupiga bila mwimbaji. Mageuzi makubwa, hata hivyo, yalitokea tarehe 11 Oktoba 1939, Coleman Hawkins alipoingia studio New York na saksafoni yake, miezi michache baada ya kurejea kutoka Ulaya alikokaa takriban miaka mitano. Alipiga mizunguko miwili. Lahani ya Green husikika katika vipimo vya mwanzo tu. Baada ya hapo Hawkins huiacha, akabaki na mfuatano wa hamonia peke yake. Hupanda hatua kwa hatua hadi kilele katika mzunguko wa pili, kisha hushuka. Kwa dakika zipatazo tatu hakuna aliyetamka neno, na bado rekodi hiyo ilipendwa sana na wanunuzi wa kawaida, si wanamuziki pekee.

Mhakiki anayeshikilia maneno atasema kwamba Hawkins aliutupa wimbo. Siafiki. Alichokihifadhi ni kile hasa kilichokuwa bora ndani yake, yaani kuhamahama kwa hamonia. Kwa mtazamo wa mwingilianomatini, toleo lake lenyewe liligeuka kuwa matini tangulizi: Eddie Jefferson alitunga maneno ya kuimbwa juu ya noti za Hawkins, nalo kundi la Manhattan Transfer likayarekodi mwaka 1979. Hapa, lakini, hoja yangu inapungua nguvu, na ni haki kukiri. Maneno hayo mapya humsifu mpiga saksafoni. Ombi la mpenzi limetoweka. Sauti ilirithiwa, dhamira haikurithiwa.

Billie Holiday, aliyerekodi mwaka 1940, alilirejesha ombi hilo. Huchelewa kidogo nyuma ya mapigo, na kuchelewa huko humfanya nafsineni aonekane anapima kila neno kabla ya kulitoa. Sijasikia toleo lenye maneno linalolishinda.

Toleo la Tony Bennett na Amy Winehouse, lililorekodiwa katika studio za Abbey Road, London, Machi 2011, hutathminiwa kwa machozi kwa sababu Winehouse alifariki Julai mwaka huohuo, na tuzo ya Grammy ikafuata mwaka 2012. Kiuhakiki lina tatizo ambalo huzuni hiyo imelifunika. Ombi la mtu mmoja limegawiwa watu wawili wanaopokezana. Ikiwa wote wawili wanaomba, nani amekataa? Waimbaji hao wanaelewana kwa furaha mno, na nafsineni aliyekataliwa hana tena wa kumkataa. Msomaji wa maneno pekee hawezi kuiona kasoro hiyo, kwa kuwa kwenye karatasi ombi ni lilelile la mwaka 1930.