Kitufe Kimoja, Hali Tatu: Uhakiki wa Neno "Sitisha" katika Uhamishaji wa Data, kwa Kuzingatia Mahoko, Rubavu

Utangulizi

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazotaja vitendo viwili vidogo katika mawasiliano ya mtandao: kusimamisha uhamishaji wa data na kuuendeleza. Hoja kuu ni kwamba neno sitisha, lililoenea katika programu za simu, linachanganya hali ambazo waandishi wa programu wamezitenganisha kwa makusudi, na kwamba gharama ya mchanganyo huo humwangukia mtumiaji anayenunua data kidogo kidogo.

Mahali panapozingatiwa ni Mahoko, kituo cha biashara katika umurenge wa Kanama, wilaya ya Rubavu, kwenye barabara itokayo Musanze kwenda Gisenyi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Tangu hapo, swali la maneno gani yaandikwe kwenye simu ya mfanyabiashara wa Mahoko haliwezi kujibiwa Dar es Salaam na Nairobi peke yake.

Tofauti zinazolindwa na maktaba ya programu

Libcurl ni maktaba ya programu inayohamisha data katika vifaa vingi duniani. Imetokana na mradi wa curl wa Daniel Stenberg wa Sweden, uliotolewa kwa jina hilo mwaka 1998. Mwaka 2008 iliongezewa amri iitwayo curl_easy_pause. Amri hiyo huacha kupokea data huku muunganisho na seva ukibaki wazi. Nafasi ya mpokeaji ikijaa, kanuni za TCP humlazimu mtumaji asubiri. Programu ikiruhusu tena, data huendelea pale ilipofikia bila ombi jipya. Ila ukimya ukizidi, seva au kifaa kilicho njiani huweza kukata muunganisho.

Hali ya pili ni tofauti. Muunganisho umekwisha kukatika, na sehemu ya faili imebaki kwenye simu. Hapa maktaba hutumia chaguo jingine, CURLOPT_RESUME_FROM, kutuma ombi jipya linalotaja baiti ya kuanzia. Seva inayokubali hujibu kwa namba 206 na kutuma kilichobaki. Isiyokubali huweza kujibu kwa namba 200, maana yake faili zima kuanzia mwanzo, na data iliyokwisha kulipiwa inalipiwa mara ya pili. Tena, ikiwa faili limebadilishwa kwenye seva katika muda huo, vipande viwili visivyolingana huweza kuunganishwa vikawa faili bovu.

Hali ya tatu ni kuacha kabisa: uhamishaji unakoma na sehemu iliyopokelewa inafutwa.

Udhaifu wa sitisha

Katika matumizi ya kawaida, sitisha haisemi kama jambo litarudi. Kusitisha mapigano, maneno ambayo wakazi wa Rubavu huyasikia mara kwa mara kwa kuwa Goma iko mpakani, huweza kuwa kwa siku chache tu. Kusitisha mkataba wa kazi huwa ni kuumaliza. Katika sentensi, muktadha huamua maana. Kitufe chenye neno moja hakina muktadha.

Inaweza kujibiwa kwamba alama ya vijiti viwili huonyesha maana. Jibu hilo linafaa kwa kitufe, halifai kwa taarifa. Simu inapoandika "Upakuaji umesitishwa", msomaji hajui kama ni yeye aliyebonyeza, ni simu iliyoamua, au ni mtandao ulioanguka. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Hapa tatizo ni mfasiri kutotumia alichonacho, kwa sababu Kiswahili kina kauli ya kutendeka inayotenganisha mambo haya bila kuongeza neno: umesimamishwa si sawa na umekatika. La kwanza lina mwenye kulitenda. La pili ni tukio. Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyopo kati ya hali ya kwanza na ya pili katika maktaba.

Komesha na komeza

Wapo watakaopendekeza kisawe kingine, komesha. Kwa Mahoko pendekezo hilo ni baya zaidi. Katika Kinyarwanda, komeza ni amri ya kumwambia mtu aendelee. Maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja yana maana zinazopingana, na msomaji wa huko ndiye anayezijua zote mbili. Istilahi inayofaa Tanga inaweza kumwelekeza kinyume mtu wa Rubavu. Usanifishaji wa kikanda usiojaribiwa mipakani hauwezi kuligundua kosa la namna hii.

Msamiati wa mzigo

Waliochagua pakia na pakua kwa data walichota katika lugha ya mizigo, na chaguo lao limeeleweka haraka. Kasoro ni kwamba kazi iliachwa nusu: mwanzo na mwisho wa safari vilipewa majina, yanayotokea njiani yakarundikwa chini ya sitisha. Ilhali lugha hiyo hiyo inajua kwamba mchukuzi anayetua gunia la viazi kando ya barabara atalitwika tena, na anayelibwaga amemalizana nalo. Tua pekee haliwezi kuwa kitufe, kwa kuwa huambiwa pia ndege na jua. Lakini linathibitisha kwamba tofauti inayodaiwa si ngeni kwa mzungumzaji.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba hali ya kwanza iitwe simamisha kwa muda, na kurudi kwake kuwe endelea. Maneno "kwa muda" yasidondoshwe, maana guhagarika ya Kinyarwanda, kama simamisha, hubeba pia maana ya kukomesha moja kwa moja. Hali ya pili itangazwe kwa umekatika, na kitufe chake kiwe endeleza ulipoishia. Seva ikikataa, mtumiaji aambiwe kabla faili halijaanza upya. Hali ya tatu iwe acha na ufute.

Kwa washauri wa sera, funzo linavuka vitufe hivi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Inteko y'Umuco ya Rwanda zinapopokea orodha za istilahi za TEHAMA, zidai mambo mawili: maelezo ya kile ambacho programu inafanya kwa kila neno, na jaribio la usomaji kwa watumiaji wa mahali kama Mahoko, ambako Kiswahili husomwa kando ya lugha nyingine. Bila hayo, urasmi wa mwaka 2017 utabaki kwenye sheria, na mnunuzi wa data ataendelea kukisia kabla ya kubonyeza.