Kitendawili Kisichoteguliwa: Uhakiki wa Matangazo ya Michezo ya Video kwa Mtazamo wa Mchezaji wa Mvumi, Dodoma

Utangulizi

Methali ya Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mujibu wa methali hiyo, tangazo lolote lingepaswa kutiliwa shaka kabla halijasikilizwa. Hata hivyo, mchezo wa video, ambao vijana wengi wa Tanzania huuita gemu, hauwezi kujiuza kwa kukaa kimya. Hauonjwi sokoni kama zabibu za Dodoma, wala haupimwi kwa kushikwa mkononi. Mara nyingi mchezaji huujua kwanza kupitia tangazo lake. Kwa hiyo, swali linalostahili kuulizwa si kama mchezo utangazwe au usitangazwe, bali ni tangazo la namna gani linalompendeza mchezaji na lipi linalomchukiza.

Makala hii inahoji kwamba tangazo la mchezo wa video hufanya kazi kama kitendawili. Humpendeza mchezaji linapotimiza mkataba wa utanzu huo, na humchukiza linapouvunja. Usomaji wa matangazo hayo umewekwa Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma. Hili ni eneo la ukame, lenye wakulima wa mtama na uwele na wafugaji, linalofahamika pia kwa hospitali yake ya Kanisa Anglikana. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu moja: ahadi ya tangazo hupimwa vizuri zaidi pale ambapo kuiamini kunamgharimu mtu kitu.

Mkataba wa Kitendawili

Katika fasihi simulizi ya Kiswahili, kitendawili hakianzi kwa fumbo bali kwa makubaliano. Mtegaji hutamka, "Kitendawili!" na hadhira hujibu, "Tega!" Bila jibu hilo mtegaji hana ruhusa ya kuendelea. Hadhira ikishindwa kutegua, mtegaji hudai apewe mji. Akishapewa, analazimika kutoa jibu. Mkataba huo una sehemu tatu: idhini ya hadhira, malipo ya mji, na jibu linalolingana na fumbo lililotegwa. Mtegaji anayechukua mji kisha akakaa kimya hatasikilizwa tena na hadhira ileile.

Sehemu hizo tatu zinaonekana katika matangazo ya michezo ya simu. Mchezo usiolipiwa unapomwambia mchezaji aliyeshindwa kwamba akitazama tangazo la sekunde thelathini atapata uhai mwingine, anaulizwa na anakubali, kisha analipwa. Tangazo la namna hiyo huvumilika, na wakati mwingine hutafutwa na mchezaji mwenyewe. Tangazo linaloruka katikati ya raundi, lenye alama ya kufungia ndogo kiasi kwamba kidole kikikosea kinafungua duka la programu, limeanza kutega kabla ya kuambiwa "tega". Yaliyomo katika matangazo hayo mawili yanaweza kuwa yaleyale. Kinachoyatofautisha ni idhini.

Fumbo la Pini

Mfano ulio wazi zaidi wa fumbo lisiloteguliwa ni matangazo ya pini. Mtu amenaswa chumbani. Juu yake kuna maji, moto au hazina, na kila kitu kimezuiwa na pini. Mkono unatokea, unavuta pini isiyofaa, na mtu yule anaangamia. Mtazamaji anaona kosa mara moja na kutamani kulirekebisha.

Wolfgang Iser, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mwitiko wa msomaji, alieleza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe, na kwamba ujazaji huo ndio unaomfanya awe mshiriki. Tangazo la pini ni pengo tupu. Mkono unaokosea umewekwa ili mtazamaji ajione kuwa na akili zaidi ya mkono huo. Kwa upande wa fani, mbinu hii ni ya hali ya juu: haihitaji maneno, na inaeleweka Dublin sawasawa na Mvumi.

Tatizo liko kwenye jibu. Mwezi Septemba 2020, Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya aina hiyo ya kampuni ya Playrix, yaliyotangaza michezo ya Homescapes na Gardenscapes. Uti wa mgongo wa michezo hiyo ni kupanga vitu vitatu vinavyofanana. Mafumbo ya pini yalikuwa sehemu ndogo mno. Mamlaka iliona kwamba matangazo yalipotosha kwa sababu hayakuwakilisha mchezo ambao mtu angeupata. Mchezaji alitegewa kitendawili kimoja na kupewa jibu la kitendawili kingine.

Msomaji Aliyedhaniwa na Msomaji wa Mvumi

Iser alizungumzia pia msomaji anayedhaniwa na matini, yaani nafasi ambayo matini yenyewe humwandalia atakayeisoma. Msomaji anayedhaniwa na tangazo la pini ni mtu ambaye kupakua mchezo hakumgharimu kitu. Akidanganywa, anaufuta na kuendelea na shughuli zake.

Msomaji wa Mvumi haingii kwa urahisi katika nafasi hiyo. Kwake intaneti hununuliwa kwa bando lenye kiasi kinachohesabika na muda unaokwisha, na mchezo mmoja unaweza kuwa na mamia ya megabaiti. Simu yenyewe pengine ni ya baba au ya dada, na nafasi iliyobaki ndani yake imegombaniwa na picha za familia. Bando lililoishia kwenye mchezo usiotakiwa lingeweza kutumika kuulizia bei ya mtama au kuwasiliana na ndugu aliye mjini. Huo ndio mji anaoutoa, na ni mji mkubwa kuliko ule anaoudhania mtegaji.

Suala la lugha linaongeza uzito. Matangazo ya Playrix yaliyolalamikiwa yalikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yaliyosema kwamba si picha zote zinazowakilisha mchezo wenyewe. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa darasa la nne, picha ya pini inasomeka kikamilifu, ilhali onyo ni mistari tu isiyo na maana. Ahadi imetolewa kwa lugha ya watu wote, na kukanusha kwake kumefanywa kwa lugha ya wachache. Mamlaka ya Uingereza haikuona kwamba onyo hilo lilitosha hata kwa wasomaji wa Kiingereza. Mvumi, kwa msomaji huyo mdogo, halipo kabisa.

Majigambo na Deni

Si kila tangazo linalochukiza ni la uongo. Mwaka 1997, mchezo wa Daikatana ulitangazwa magazetini nchini Marekani kwa maneno ya matusi yaliyomwambia msomaji kwamba mbunifu wake, John Romero, atamdhalilisha. Mchezo haukutoka hadi mwaka 2000, na ulipokelewa vibaya. Miaka mingi baadaye Romero aliomba radhi. Kwa istilahi za fasihi simulizi, tangazo hilo lilikuwa majigambo yaliyokosa msingi. Katika majigambo, shujaa husifu matendo aliyokwisha kuyatenda. Romero alijigamba juu ya mchezo ambao haujakamilika, tena kwa kumtukana yule ambaye angeununua.

Kinyume chake ni mchezo wa No Man's Sky wa kampuni ya Hello Games, uliotoka mwezi Agosti 2016. Wachezaji wengi walilalamika kwamba walioahidiwa mengi walipewa machache. Mamlaka ileile ya Uingereza ilichunguza na kuamua, mwaka huohuo, kwamba tangazo halikuvunja kanuni. Uamuzi huo haukuwaridhisha wachezaji. Kilichobadilisha mapokezi ni kwamba kampuni iliendelea kwa miaka kadhaa kuuongezea mchezo mambo mapya bila malipo, hadi heshima yake ikarudi. Ahadi ni deni, na deni lililocheleweshwa si sawa na deni lililokataliwa. Mfano huu unaonesha kwamba kipimo cha mchezaji si kipimo cha sheria: sheria huuliza kama kanuni imevunjwa, mchezaji huuliza kama jibu limetolewa.

Kuvuta na Kupendeza

Inaweza kupingwa kwamba matangazo ya pini yanafanya kazi. Yasingekuwa yanavuta watu, kampuni zisingeendelea kuyalipia. Hoja hii ina ukweli, lakini inachanganya kuvuta na kupendeza. Ndoano humvuta samaki, wala hakuna anayesema kwamba inampendeza.

Ushahidi wa kile ambacho wachezaji walikitaka ulijitokeza mwaka 2023, pale kampuni ya Kijapani ya D3 Publisher ilipotoa mchezo uliokusanya mafumbo ya aina hiyo na kuyafanya yachezeke. Jina lake refu la Kiingereza linamwambia mchezaji, kwa kejeli, kwamba aliitaka michezo ile, basi ndiyo hii. Hapo ndipo kitendawili kilipoteguliwa. Fumbo lilikuwa zuri tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtegaji mwaminifu.

Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba mvuto wa tangazo la mchezo wa video hautokani na fani peke yake. Unatokana na uhusiano wa fumbo, malipo na jibu. Kwa mchezaji wa Mvumi, tangazo jema lingekuwa lile linaloonesha mchezo wenyewe ukichezwa, linalotaja ukubwa wa faili kabla bando halijaguswa, na linaloweka onyo lake katika lugha na ukubwa uleule wa ahadi yake. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Lakini tangazo la simuni humtokea mtu mmoja, kwa sekunde chache, kisha hutoweka bila shahidi. Ndiyo maana uhakiki unahitajika kabla ya mashtaka: mtoto anayefundishwa shuleni kanuni za kitendawili anaweza kufundishwa pia kuyasoma matangazo hayo kwa kanuni zilezile.

Hasara ya kutofanya hivyo inavuka bando moja. Siku kijana wa Dodoma atakapobuni mchezo wake kwa Kiswahili na kuutangaza kwa uaminifu, atatamka, "Kitendawili!" mbele ya hadhira iliyokwisha kunyang'anywa miji mingi. Huenda asipate wa kumjibu.